Alhamisi za Pembeani

Zuhura alinipigia simu asubuhi nikiwa jikoni nachagua mchele, na kabla hatujamaliza kujuliana hali akasema, "Maimuna, Fundi Musyoka amefariki. Wamemzika Jumamosi, huko huko Mtwapa, kwenye kiwanja chake." Nikamuuliza amejuaje. Akasema mwanawe Faraji anasomesha shule moja na binti wa marehemu, na siku za matanga walimu wote walikwenda kutoa pole. Nilisikia maji yakichuruzika upande wake, na yeye bila shaka alisikia ungo wangu ukikwaruza meza. Miaka thelathini na zaidi Zuhura na mimi tumekutana harusini, matangani, hospitalini na sokoni, tukazungumza juu ya kila kitu kilichoumbwa isipokuwa mtu huyo mmoja. Tangu mwaka ule sikupata kulisikia jina lake mdomoni mwa Zuhura. Sasa alilitaja, na jikoni kwangu pakawa na mtu.

Nataka niusimulie mwaka ule kama ulivyokuwa, si kama nilivyozoea kuupunguza kila ninapoukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nakaa mtaa wa Shela hapa Malindi, na kazi sina. Tajiri mmoja mwenye biashara zake Mombasa akaleta mashine za michezo, akazisimamisha kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya mivinje, nje kidogo ya mji. Kabla ya hapo pembea tulizozijua ni zile za mbao za siku za Idi, zinazosukumwa kwa mikono. Hizi zilikuwa za chuma na injini: farasi wa kuzunguka, vigari vya watoto, na gurudumu kubwa lenye viti kumi na viwili, kila kiti cha watu wawili, ambalo ukifika juu yake unaiona bahari, minara ya misikiti na mapaa ya mahoteli ya Wataliani kwa jicho moja. Watu wakapaita Pembeani. Mimi niliajiriwa kukata tiketi, na fundi wa mashine alikuwa Musyoka.

Alikuwa mtu wa Ukambani, mrefu, mkavu, wa miaka thelathini hivi, akisema Kiswahili cha bara kwa sauti ya chini kama anayeogopa kuamsha mtoto. Jumapili alivaa shati jeupe akaenda kanisani. Siku nyingine zote alivaa ovaroli iliyombana, mikono yake imefungwa kwa mipira, wala hakuvaa saa wala pete. Alilala kwenye chumba cha mabati nyuma ya injini. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyowahi kulala mwenyewe: kitanda cha kamba, kalenda ya kanisa, spana zimetundikwa ukutani kwa kimo kama watoto wa shule, na sufuria ya mahindi na maharagwe aliyoipika asubuhi akaila mara tatu. Juu ya lango la gurudumu aliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA NGUO YA KUNING'INIA. Siku moja nilimuuliza kwa nini amekazania nguo kuliko jambo lolote. Akaniambia kwamba ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, akaona mashine ikimshika mtu kwa ncha ya koti. Nikangoja aendelee. Akachukua kitambaa akaanza kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Idi ndogo ya mwaka ule Pembeani palifurika. Watoto walipanda, waume walipanda, na wanawake wa mji wakasimama kando ya kamba ndani ya mabuibui yao kama abiria wanaotazama gari la watu wengine. Buibui la wakati ule halikuwa hili la sasa lenye mikono na vifungo. Lilikuwa nguo pana nyeusi inayofungwa kichwani kwa kamba, halafu unajitanda na kuishikilia kwa mkono chini ya kidevu. Ukiachia kidogo linajaa upepo. Mwanamke wa kwanza kufika langoni na tiketi mkononi alikuwa Bi Rukia, mjane aliyesomesha wasichana chuo cha Kurani barazani kwake, na mimi mwenyewe nilisomea kwake. Nilimwamkia shikamoo, nikaona Fundi anasogea.

"Mama, samahani," akasema. "Hii nguo haiwezi kupanda. Itashikwa na chuma."

"Unataka nijivue mbele ya umati huu?"

"Mimi sitaki mama avue. Nataka mama asipande."

"Na tiketi hii nimeuziwa ya nini?" Bi Rukia akanigeukia mimi. Nyuma yake wanawake wakaanza kunung'unika kwamba mtu wa bara amekuja kuwavua nguo mjini kwao. Fundi alisimama pale pale, mikono nyuma, akasema jambo ambalo baadaye nililisikia mara nyingi, "Mashine haiulizi nguo ni ya sala ama ni ya harusi, mama. Inavuta tu." Bi Rukia aliiacha tiketi kwenye meza yangu akaondoka, na wenzake wakamfuata, weusi wote kwa pamoja, hata uwanja ukaonekana umepungua nusu.

Sikulala vizuri usiku ule, na asubuhi nilikwenda kwa Fundi kabla hajawasha injini. Nikamwambia, "Na wakiwa wenyewe? Siku moja kwa wiki, wanawake watupu, mabuibui yabaki kibandani, na ua tuuzungushe makuti mpaka juu?" Akafikiri huku akipuliza chai yake. "Na nani ataendesha?" Nikasema, "Nifundishe." Hakucheka. Alinifundisha wiki mbili: kuzungusha hendeli ya kuwashia injini bila kuvunjwa kidole, kusukuma mkono wa chuma unaokaza mkanda, kushika breki ili kiti kisimame mbele ya ngazi. "Sikiliza mkanda," alikuwa akiniambia. "Ukiwa mzima unaimba. Ukianza kulia, zima." Kitu kimoja hakunifundisha, namna ya kuurudisha mkanda ukitoka kwenye magurudumu yake. Alisema hilo ni lake, nisiliguse, na mimi nilifurahi kutoligusa kwa sababu mikono yangu bado ilinuka dizeli kila nilipokula. Tajiri alikubali upesi. Bi Rukia alikubali kwa shida. Alinikalisha mbele yake barazani, akaniambia, "Maimuna, hawa wanawake watavua kwa sababu yako. Ukiniambia hakuna jicho la mwanamume litakalowaangukia, mimi nitawaleta. Lakini iwe ni amana." Nikamjibu, "Ni amana, Bi Rukia." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Neno lilinitoka bila uzito wowote.

Basi zikaanza Alhamisi zetu. Baada ya adhuhuri lango linafungwa, wanawake wanaingia mmoja mmoja, wanapitia kibandani. Kibanda kile cha makuti kilikuwa na misumari arubaini ukutani, na ifikapo saa tisa misumari yote imejaa mabuibui, na ndani mnanuka udi, asumini, poda na jasho. Wakivua, nilikuwa simjui mtu. Wanawake niliowajua maisha yangu yote kwa sauti na mwendo sasa walikuwa na mabega, na magauni ya maua, na mikufu, na shingo. Walileta viazi vya karai, kachiri, maembe mabichi ya pilipili, juisi ya ukwaju kwenye birika. Walikaa mchangani wakisengenya wakwe zao, wakiulizana habari za uzazi, wakiimba vipande vya nyimbo za vugo za harusini, na kila gurudumu lilipoinuka sauti zao ziliinuka nalo. Bi Rukia hakupanda Alhamisi ya kwanza wala ya pili. Ya tatu alipanda, akashika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho mzunguko mzima, na aliposhuka akaniambia kwa ukali, "Mbona umesimamisha mapema?"

Fundi alikaa nje ya ua siku hizo, juu ya debe, mgongo umeelekea makuti, uso barabarani. Hakuna aliyemwagiza kukaa hivyo. Jioni wakishaondoka aliingia kukagua mkanda, nami nilimsaidia kushika taa. "Leo wamecheka sana," aliniambia mara moja, na nikaona aibu kidogo kwamba alisikia, na furaha kidogo pia. Kwa ajili ya kazi ya mashine nilijishonea kanzu ya mikono iliyobana na kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo, bila kamba na bila ncha. Fundi aliiangalia sana ile kofia. "Hii ni nzuri," akasema. "Umejifunika na hakuna pa kushikwa. Shona zingine, hawa wamama wapande hata Idi, mbele ya watu." Niliwaeleza wanawake. Wakanicheka mpaka machozi, wakasema nimekuwa kama mtoto mchanga wa arubaini anayetolewa nje. Nikaliacha wazo. Kitambaa nilikuwa nacho, cherehani ilikuwepo nyumbani, na siku zilikuwa tele. Leo bado huamka alfajiri nikizihesabu kofia ishirini na nne, mbili kwa kila kiti.

Zuhura alianza kuja mwezi wa pili. Tulisoma darasa moja. Yeye aliolewa mara tu baada ya mtihani, na mume aliyemwoa, Bwana Salim, alikuwa mwema kwa watu na mgumu nyumbani. Alipovua buibui lake niliona tumbo. "Miezi mitano," akasema, akalishika kwa viganja viwili. "Usinitazame hivyo. Nipandishe polepole. Nyumbani dirisha langu linatazama ukuta." Nikampandisha polepole. Kila Alhamisi nilimpa mzunguko wa taratibu, na kila alipofika juu alinyamaza, hali wenzake wakipiga vigelegele.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo hamna. Viti vyote vilijaa. Zuhura alikuwa juu kabisa na mwari mmoja wa kwa Bi Rukia. Nilisikia mkanda ukilia, nikanyoosha mkono kuzima, na kabla sijafika ukaruka kutoka kwenye gurudumu la injini ukaanguka mchangani kama nyoka aliyepigwa. Nikakaza breki, nikazima. Kimya kilichofuata wanawake walikichukua kama sehemu ya mchezo, wakacheka, wakapunga mikono. Ilipita kama nusu saa ndipo walipoacha kucheka. Nilijaribu kuurudisha mkanda, nikajichuna vidole, ukakataa. Waliokuwa viti vya chini tuliwashusha kwa kuwashika viuno. Wa juu walibaki, watu kumi na wanane, na chuma cha viti kilikuwa kimoto kiasi cha kuchoma. Zuhura akaanza kutapika. Mwari aliyekaa naye akawa anapiga kelele, "Zuhura anaanguka! Zuhura anaanguka!"

Kutoka nje ya ua nikasikia sauti ya Fundi. "Maimuna! Mkanda umetoka?"

"Umetoka!"

"Nifungulie."

"Asiingie!" Bi Rukia alisema hivyo, na wengine walioko chini wakakimbilia kibandani kuchukua mabuibui yao. Wa juu wakaanza kulia kwamba wao je, wao wana nini cha kujifunika? Mmoja alisema bora afie huko huko. Mmoja alisema, "Mwacheni aingie, nyie, mtu anakufa hapa!" Bi Rukia alijaribu kurusha buibui lifike kiti cha tatu, likafunguka hewani, likapita juu ya makuti likaangukia barabarani, na huko nje nikasikia wanaume wakiulizana kuna nini. Akanishika mkono. "Ulisema ni amana." Si kwamba hakumjali Zuhura. Alikuwa amewatoa wale wanawake majumbani mwao kwa jina lake, na kila mmoja wao alikuwa na mume au baba wa kurudi kwake.

Nikaenda langoni. Fundi alikuwa ameshageuka, mgongo kwangu kama kawaida yake. Nikamweleza. Akasema, "Leta leso. Nifunge macho. Ule mkanda naweza kuufunga kwa kupapasa, na wewe utakuwa unaniambia." Nikaleta leso ya kwanza iliyonijia mkononi, kanga nzima. Akapiga goti mchangani ili nimfikie, nami nikaizungusha leso juu ya kichwa chake, ikamfunika macho na masikio, nikaifunga kisogoni mafundo mawili. Nilifunga kwa ncha za vidole, nisimguse ngozi. Ncha mbili za leso zikabaki zikining'inia mgongoni mwake, ndefu, kama dhiraa moja kila moja.

Niliziona. Hili ndilo ambalo sikumwambia mtu yeyote. Miezi mitatu nilikuwa nimesimama chini ya maandishi yale mekundu nikiwaambia wanawake wachomeke ncha, wafunge ncha, wasiache ncha. Niliziona ncha zile na nikajua pa kuziweka: ndani ya ukosi wa ovaroli, chini ya shingo. Ningepaswa kutia mkono wangu ndani ya nguo ya mwanamume asiyekuwa maharimu wangu, mbele ya wanawake arubaini, mbele ya mwalimu wangu. Niliona haya. Nikajiambia ni dakika chache tu. Nikamshika kwa mkono wa ovaroli, nikamwongoza ndani.

Nakumbuka alivyotembea, akiinua miguu juu sana, na alivyosema kwa sauti ile ya chini, "Hamjambo wamama. Mimi sioni kitu." Akapapasa injini kama mtu anayepapasa uso wa ndugu yake, akaupata mkanda, akauvalisha taratibu, kulia, kushoto. "Washa." Nikawasha. "Kaza." Nikasukuma mkono wa chuma, gurudumu likasogea. Wanawake wa juu wakaanza kushuka kiti kimoja kimoja; mimi nashika breki, Bi Rukia anawapokea na kuwakimbiza kibandani. Kiti cha nne, cha tano. Mkanda ukaanza kulia tena. Fundi akasema, "Usizime, umebaki kidogo, nitaubana hapa," akainama kutafuta kile kigurudumu kidogo kinachoukaza mkanda. Ncha moja ya leso ikateleza begani mwake, ikaning'inia mbele. Nilifungua mdomo. Nadhani nilisema jina lake. Mkanda uliichukua ile ncha, kichwa chake kikavutwa chini mara moja, na yeye akatia mkono wake wa kulia katikati ya uso wake na chuma.

Nilizima. Siku hizi hunijia zaidi ule mlio wa injini ikifa kuliko ukelele wake. Kiti cha Zuhura kilikuwa kimekaribia ngazi. Aliruka na tumbo lake, kichwa wazi, gauni la mikono mifupi, akaenda moja kwa moja mpaka pale alipolala Fundi, akamkalia kifuani asijitupe huku na huku. Na Bi Rukia akatoka mbio kibandani, buibui lake si mwilini bali mkononi, akalikunja akalikandamiza juu ya ule mkono, akawa anamwambia, "Tulia mwanangu, tulia baba, tulia." Leso ilikuwa imetoka. Alikuwa na macho yake yote mawili wazi. Aliyafumba mwenyewe, kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa sindano, na hakuyafumbua mpaka tulipompakia kwenye pikapu ya Tajiri.

Kabla wanawake hawajaondoka, Bi Rukia aliwakusanya. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka viwikoni. "Hili halitoki nje ya ua huu," akasema. "Hakuna mwanamume aliyeingia tulipokuwa humu. Aliingia tulipokwisha kutoka. Mmesikia?" Wote wakaitika. Mimi pia niliitika. Lakini barabarani wanaume walikuwa wamekwisha kuokota buibui lililoanguka, walikuwa wamemwona Fundi akipita langoni na walikuwa wamesikia sauti za wanawake ndani. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa na hadithi yake: kwamba mtu wa bara alivunja ua wakati wanawake wako wazi, ajifaidi kwa macho, na Mungu akamshika hapo hapo kwa mkono. Nilikuwa nasikia hayo dukani, nasikia kwenye foleni ya maji, nasikia yakisemwa na wanawake wale wale ambao alikuwa amewashusha, wakisema kwa upole, macho chini, kwa sababu kukanusha kungekuwa ni kukiri kwamba walikuwepo.

Wiki ya pili Tajiri aliniita afisini. Alikuwa amekaa na Bwana Salim, mume wa Zuhura, na mzee mmoja wa msikitini. Fundi alikuwa Mombasa hospitalini, wamekwisha kumkata mkono juu kidogo ya kiganja. Walipomuuliza, alijibu tu kwamba aliingia kutengeneza mashine yake. Tajiri alikuwa na chai mbele yake iliyokwisha kupoa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka lawama ipate pa kukaa. "Maimuna," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo wa lango. Swali moja tu. Ulimwita?"

Bwana Salim alikuwa akinitazama. Nilimwona Zuhura juu ya kile kiti. Nilimwona Bi Rukia. Ningependa kusema kwamba niliwafikiria wao peke yao, na kwa miaka mingi nimejiambia hivyo. Nilijifikiria mimi. Msichana aliyemfungulia mwanamume lango, akamfunga leso kwa mikono yake: nani angekuja kumposa?

"Sikumwita," nikasema.

Ikawa imekwisha. Barua ya kumfukuza kazi ilisema amevunja kanuni zake mwenyewe na heshima ya mji. Mwezi haukuisha, Alhamisi zikafutwa, na kabla ya mwaka kwisha mashine zikafunguliwa vipande zikapelekwa Kikambala karibu na mahoteli, mahali ambapo watu hupanda na nguo za kuogelea. Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, mzima. Bi Rukia aliendelea kusomesha chuo. Sikumsikia tena akicheka, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mimi niliposwa mwaka uliofuata, nikaolewa vizuri, nikazaa. Kila alichonipa Mungu baada ya hapo nilikipokea kwa mkono mmoja, nikingoja aulize habari za ule mwingine.

Tulikwenda Mtwapa Jumatano, Zuhura na mimi, Faraji akiendesha. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, nyuma ya barabara kuu, uani kuna turubai la matanga ambalo halijashushwa. Binti yake Mwende alitupokea, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu na mkavu kama yeye. Alitukaribisha sebuleni, akatuletea chai na mandazi. Tulisema pole zetu. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa naendesha mashine siku baba yako alipoumia." Zuhura alinishika goti. Nikaendelea. Nilimweleza lango, leso, ncha, haya yangu, na neno nililolisema afisini. Nilieleza yote bila kupumzika, na nilipomaliza nikasikia Zuhura analia kwa sauti ndogo, buibui lake mdomoni.

Mwende hakulia. Alisogeza sahani ya mandazi kidogo, kama aliyeona imekaa vibaya. "Hayo tunayajua," akasema. "Baba alitusimulia tangu tukiwa wadogo. Alikuwa akisema, yule msichana hakunichomeka ile leso kwa sababu alikuwa na adabu, aliogopa kunigusa. Mama alikuwa akikasirika sana. Anamwambia, hiyo si adabu, huyo amekuharibia jina. Baba anasema, ngojeni, ipo siku atakuja mwenyewe aseme. Ikawa ni mzaha wa nyumba hii. Mtu akibisha hodi tunasema, baba, msichana wako wa mashine amekuja." Alifunika birika la chai. "Miaka yote hiyo, na Malindi hapo tu. Umekuja baada ya siku nne."

Akanimiminia chai tena, kwa kuwa mimi ni mgeni na nina umri wa mama yake.

"Lakini alikuona," akasema. "Mara moja. Alikuwa akiuza magazeti hapo stendi. Alirudi jioni amefurahi, akatuambia, leo msichana wangu wa mashine amepita, amenenepa, ana watoto wawili. Tukamuuliza, mbona hukumwita? Akasema, alikuwa na haraka, hakuniona."

Siku hiyo watoto wangu walikuwa wakitaka maji. Nilikuwa nimewashika mmoja kila mkono, nikainua macho kutafuta duka, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya meza ya magazeti, mkono mmoja wa shati umepigwa pini, akinitazama. Alikuwa ameanza kutabasamu. Niliwavuta wanangu, tukavuka barabara.

"Aliniona?" nikauliza. "Alisema mimi sikumwona?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nilimwona," nikamwambia Mwende.